Kuchagua dawa ya ganzi ya mkono au mguu: lignokeini, bupivakeini na wenzake

Kabla hujafungua kabati la dawa, jiulize: mkono huu unautaka uamke saa ngapi? Ndilo swali ninaloanza nalo kila ninapoitwa kupiga bloku, yaani kuchoma dawa ya ganzi karibu na neva za kiungo, na ndilo ninalowauliza wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Wengi wao huanzia kwingine. Wanauliza dawa ipi ina nguvu zaidi, ipi inadumu zaidi, wakiamini kwamba inayodumu ndiyo bora. Sikubaliani nao. Ganzi ya saa kumi na mbili ni neema kwa mtu aliyetoka kuungwa mifupa ya kiganja, lakini mtu yuleyule angekuwa amevunjika muundi na anasubiri gari la rufaa, ganzi hiyohiyo ingeweza kumgharimu mguu.

Mimi ni muuguzi wa dawa za usingizi katika hospitali ya wilaya, Mkoa wa Morogoro, upande wa mashamba ya miwa. Wagonjwa wangu ni wakata miwa waliojikata kwa panga, madereva wa bodaboda walioanguka wakajikinga kwa kiganja, na kina mama wenye vidonda vya kisukari miguuni. Karibu wote wanaletwa tumbo limejaa, kwa hiyo kuwalaza usingizi kamili ni kukaribisha matapishi kwenye mapafu. Kutia ganzi kiungo kimoja, mgonjwa akiwa macho na anaongea, mara nyingi ndiyo njia salama zaidi tuliyonayo. Naandika kwa wenzangu wa kada hii na kwa matabibu wanaoshona vidonda kila siku. Msomaji wa kawaida asome ajue anachofanyiwa na aweze kuuliza maswali, ila sindano hizi si za nyumbani wala za duka la dawa.

Hesabu kwanza

Chupa inasema asilimia, mwili unahesabu miligramu. Zidisha asilimia kwa 10, utapata miligramu zilizomo ndani ya kila mililita: asilimia 2 ni miligramu 20, asilimia 1 ni 10, asilimia 0.5 ni 5. Hesabu hii ni nyepesi mno kiasi kwamba watu wanairuka, hasa usiku, na hapo ndipo mama wa kilo 45 anapopewa mililita 30 kwa sababu jana dereva wa kilo 80 alipewa 30.

Viwango vya juu ninavyofuata ni hivi, kwa kila kilo ya mwili: lignokeini tupu miligramu 3, lignokeini iliyochanganywa na adrenalini miligramu 7, na jumla isipite 500 hata kama mgonjwa ni pande la mtu, bupivakeini miligramu 2, jumla isipite 150, ropivakeini miligramu 3, prilokeini miligramu 6, jumla isipite 400. Marekani wanaruhusu lignokeini tupu hadi 4.5. Mimi nabaki kwenye 3, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni wembamba na uzito wao mara nyingi tunaukadiria kwa macho, maana aliyevunjika mguu hapandi mizani. Kwa mtu mnene tumia uzito unaolingana na urefu wake, usitumie ule wa mizani. Kwa mzee sana, mjamzito, au mwenye ini ama moyo dhaifu, shusha zaidi.

Ninachofanya mimi ni kukata kipande cha plasta nyeupe, naandika kwa kalamu ya wino mzito: uzito, jina la dawa, miligramu za juu, mililita zake. Nakibandika ukingoni mwa trei kabla sijavunja ampuli hata moja. Mfano: kilo 60, bupivakeini 0.5, miligramu 120, mililita 24. Daktari wa upasuaji akisema katikati ya kazi, "Sista, hapa pembeni bado anasikia, niongeze kidogo?" jibu liko kwenye plasta. Kama nimeshatumia mililita 20, anazo 4 tu za dawa hiyo.

Wapo wanaodhani ukibadilisha dawa unaanza hesabu upya. Hapana. Sumu za dawa hizi zinajumlishana. Ukishatumia nusu ya kiwango cha juu cha lignokeini, umebakiwa na nusu tu ya kile cha bupivakeini.

Lignokeini

Hii ndiyo dawa tuliyonayo siku zote, na sioni sababu ya kuidharau kwa kuwa ni ya zamani. Nils Löfgren aliitengeneza Stockholm mwaka 1943, na mwenzake Bengt Lundqvist alijichoma yeye mwenyewe ili kuijaribu. Mpaka leo hakuna hospitali inayofanya kazi bila hiyo.

Sifa yake kubwa ni kushika haraka. Ukipiga bloku ya kwapani, ndani ya dakika 10 hadi 20 mkono umeshakuwa mzito. Ikiwa tupu inadumu kama saa moja au mbili. Ukiitia adrenalini inafika saa mbili hadi nne, kwa sababu adrenalini inabana mishipa ya damu ya pale na dawa inakawia kuchukuliwa. Kubana huko ndiko kunakoruhusu kiwango cha juu kupanda kutoka 3 hadi 7. Kwa bupivakeini adrenalini haiongezi muda mwingi, lakini kwa lignokeini tofauti ni kubwa.

Kwa mgonjwa wa kilo 60 anayeshonwa mishipa ya vidole, kazi ya saa moja na nusu hivi, huu ndio mchanganyiko wangu. Kiwango chake cha juu na adrenalini ni miligramu 420, yaani mililita 21 za asilimia 2. Nazivuta, naongeza mililita 7 za maji ya chumvi ya dripu, napata mililita 28 za asilimia 1.5, ujazo wa kutosha kuzunguka neva zote za kwapani. Hicho ndicho kilele chake, kwa hiyo hakuna nyongeza itakayofuata. Bloku ikishika vizuri kwa mililita 22, zilizobaki zinamwagwa. Adrenalini nataka mikrogramu 5 kwa kila mililita. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 ndani ya mililita 1, hivyo kwa mililita 28 nahitaji mililita 0.14, napimia kwa bomba la mililita 1 lenye mistari midogo. Usikadirie adrenalini kwa bomba la mililita 5. Tone moja la ziada pale ni mapigo 140 kwenye monita.

Soma lebo ya chupa kubwa. Zile zinazotumiwa zaidi ya mara moja huwekwa kihifadhi, methiliparabeni kwa kawaida. Kwa kushona kidonda hakina shida, ila kwa dawa itakayoingia kwenye mshipa wa damu au mgongoni chukua isiyo na kihifadhi.

Kuna jambo linalowasumbua matabibu wengi: "Nimechoma dawa ya kutosha kwenye jipu, mbona anapiga kelele?" Dawa hizi huingia ndani ya neva zikiwa hazina chaji ya umeme. Kadiri mahali palivyo na asidi, ndivyo sehemu kubwa ya dawa inavyobaki na chaji ikashindwa kupenya. Usaha una asidi. Kuongeza dawa palepale ni kumwongezea sumu na kusambaza uchafu. Rudi nyuma, juu ya uvimbe, uipige neva kwenye nyama safi.

Bupivakeini

Bupivakeini inakawia na inakaa. Ukiipiga kwapani au juu ya mtulinga, subiri dakika 20 hadi 30, na ukiwa na daktari asiye na subira mwambie mapema akanywe chai kwanza. Ikishashika, upasuaji wa saa nne hadi nane hauna wasiwasi, na nafuu ya maumivu inaweza kufika saa kumi na mbili na zaidi. Sababu ya kukaa ni kwamba inang'ang'ania sana protini, karibu asilimia 95, wakati lignokeini ni kama asilimia 65. Kung'ang'ania huko ndiko kunakoifanya iogopwe. Ikiingia kwenye damu kwa wingi inakamata milango ya sodiamu, ile inayopitisha umeme wa moyo, na haiachii upesi. Lignokeini nayo inaweza kusimamisha moyo, ila kwa kawaida inatangulia kukuonya kwa degedege. Bupivakeini inaweza kukupa onyo fupi mno, au isikupe kabisa.

Mwaka 1979 daktari wa Marekani, George Albright, aliandika akionya juu ya mioyo iliyosimama ghafla baada ya bupivakeini na ndugu yake etidokeini, na kufufua kukashindikana. Miaka michache baadaye bupivakeini ya asilimia 0.75 iliondolewa kwenye wodi za uzazi za huko. Wakati huohuo Uingereza vikaripotiwa vifo vya watu waliopewa bupivakeini katika bloku ya Bier, ile ya kufunga mkono na kuingiza dawa kwenye vena. Kwa hiyo sheria hii haina msamaha: bupivakeini haiingii kwenye bloku ya Bier, hata kama lignokeini imeisha stoo. Ikiisha, tafuta njia nyingine ya kumhudumia.

Angalia tena lebo. Bupivakeini nzito, ile ya mililita 4 yenye glukosi, ni ya sindano ya mgongo. Kwa neva za mkono tumia nyepesi isiyo na sukari. Ampuli hizi mbili zinakaa rafu moja na maandishi yake ni madogo. Kwetu tumezitenganisha kwenye droo mbili.

Mkanganyiko mwingine ni kuchanganya lignokeini na bupivakeini kwenye bomba moja "ili ishike haraka na ikae sana." Nimeuona utamu wake ni mdogo. Inashika mapema kidogo, lakini inaachia mapema kuliko bupivakeini peke yake, na wewe umeshapoteza uwezo wa kujua itaisha saa ngapi. Kama nataka kurefusha nafuu ya bupivakeini, naongeza deksamethasoni miligramu 4, tena naipitisha kwenye dripu. Inasogeza muda kwa saa kadhaa bila kugusa neva. Kwa mgonjwa wa kisukari nafikiri mara mbili, kwa sababu inapandisha sukari.

Ropivakeini na wengine

Ropivakeini ilianza kutumika miaka ya 1990 kwa makusudi ya kupata dawa inayokaa karibu sawa na bupivakeini lakini isiyouma moyo sana. Inafanikiwa kwa kiasi. Inakaa muda mfupi kidogo, na kwa asilimia ndogo, kama 0.2, inapunguza maumivu huku misuli ikiendelea kufanya kazi. Kama unayo, na unataka kupiga ujazo mkubwa mahali penye mishipa mingi ya damu, ichague. Kilo 60 kwa asilimia 0.5 ni mililita 36, ukilinganisha na 24 za bupivakeini; nafasi hiyo ya kupumua ina thamani. Kwetu haifiki mara kwa mara, na bei yake inajulikana. Levobupivakeini iko katikati ya hizo mbili.

Prilokeini ni nzuri mno kwa bloku ya Bier, pengine kuliko zote, kwa sababu mwili unaiondoa upesi. Kasoro yake ni kwamba dozi kubwa, miligramu 600 hivi kwenda juu, inageuza himoglobini isibebe oksijeni: midomo inakuwa ya bluu, oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, inashuka na hewa ya oksijeni haisaidii. Dawa yake ni methilini bluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Kwa mtoto mchanga au mwenye upungufu mkubwa wa damu usiiguse. Klorprokeini inavunjwa na damu yenyewe ndani ya muda mfupi sana. Ni salama na fupi, lakini wengi wetu tunaisoma tu.

Kulinganisha kwa mgonjwa, si kwa kitabu

Chukua dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa karibu na kiganja. Kuuvuta mfupa mahali pake na kufunga plasta ya jasi ni kazi ya dakika 15. Kumpa bupivakeini ya saa nane ni kumrudisha nyumbani na mkono usiojua moto wala kubanwa, ndani ya plasta mpya, wakati uvimbe ndio kwanza unapanda. Huyu ni wa bloku ya Bier na lignokeini ya asilimia 0.5. August Bier aliionyesha njia hii Ujerumani mwaka 1908, na hadi leo haihitaji altrasaundi.

Namna ninavyofanya: kanula mbili, moja nyuma ya kiganja cha mkono mbovu na nyingine mkono mzima kwa ajili ya dharura. Mpira wa kubania uwe wa kazi hiyo na nimeupima kama hauvuji. Ule wa presha wa wodini unaachia wenyewe, usiuamini. Nauinua mkono juu dakika mbili au tatu damu ishuke, kwa sababu kuviringisha bendeji juu ya mfupa uliovunjika ni mateso. Najaza mpira hadi 100 juu ya presha yake ya juu. Mwenye 130 anapata 230. Nahakikisha mapigo ya kiganja yamepotea. Halafu miligramu 3 kwa kilo: kilo 60 ni miligramu 180. Mililita 9 za asilimia 2, isiyo na adrenalini wala kihifadhi, naongeza maji ya chumvi 27, jumla 36. Naingiza polepole. Ngozi inakuwa na madoadoa meupe na mekundu, na baada ya dakika 5 hadi 10 anaulizia vidole vyake viko wapi.

"Sista, mkono umekufa?"

"Haujafa, kaka. Umelala, utaamka kabla hujafika nyumbani."

Hata kama mfupa umekaa ndani ya dakika 5, mpira haushuki kabla ya dakika 20. Hapo sibishani na mtu yeyote, awe daktari bingwa au msimamizi wa zamu. Kabla ya hapo dawa bado haijashikamana na nyama na itamwagika yote kwenye moyo kwa mkupuo. Upande wa pili, ikipita dakika 40 mgonjwa anaanza kulalamika mpira unauma, kwa hiyo kazi ndefu isiletwe hapa. Mwenye selimundu simfungi mkono kwa njia hii.

Sasa mkata miwa aliyekatwa mishipa ya vidole, anashonwa saa nzima na zaidi. Huyu kwapani, na uchaguzi ni wangu: lignokeini na adrenalini kama nataka vidole viamke jioni ili daktari avipime, bupivakeini kama kidonda ni kikubwa na najua usiku wodini dawa za maumivu zitachelewa. Juu ya mtulinga bloku inashika vizuri zaidi, ila bila altrasaundi unaweza kutoboa pafu. Kwapani pafu liko mbali.

Mama mwenye kidonda cha kisukari, vidole viwili vya mguu vinaondolewa. Nampiga kifundoni, neva tano, mililita 15 hadi 20 kwa jumla. Bupivakeini ni sawa, lakini naishusha hadi asilimia 0.25 na siweki adrenalini kabisa. Neva zake zimeshaharibiwa na sukari. Dawa kidogo inazitosha na inakaa kuliko kwa mtu mzima wa afya, na mzunguko wake wa damu hauna ziada ya kubanwa. Kama usaha umepanda hadi kifundoni, sipigi hapo. Napanda juu nyuma ya goti.

Kidole kimoja cha mkono: lignokeini mililita 2 hadi 4 chini ya kidole, basi. Juu ya adrenalini kwenye vidole, tulifundishwa kuwa kidole kitaoza. Wapasuaji wa mikono kama Donald Lalonde wa Canada wameitumia kwa wagonjwa wengi na kuonyesha kwamba kwa kidole chenye damu nzuri hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ukweli. Naliamini hilo, na bado siiweki kwa mvutaji sigara mkongwe, kwa mwenye kisukari wala kwa kidole kilichopondwa.

Kwa upasuaji mkubwa wa mguu wengi wetu tunapiga mgongo, mililita 2 hadi 3 za bupivakeini nzito, na mjadala unaishia hapo. Ila muundi uliovunjika na kuvimba nauzungumzia kwa herufi kubwa. Ndani ya mguu misuli imefungwa kwenye vyumba visivyotanuka. Uvimbe ukizidi, damu inakosa njia na misuli inakufa ndani ya saa chache. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimvuta vidole vya mguu. Ukishampa bupivakeini ya saa kumi na mbili umemnyamazisha shahidi huyo. Kwa mguu wa namna hii nachagua dawa fupi, naongea na daktari wa mifupa kabla ya kuchoma, na naandika kwenye faili saa ambayo ganzi inatarajiwa kuachia ili zamu ya usiku ijue kuanzia lini maumivu yanapaswa kusikika.

Kuchoma na kupima

Kabla ya sindano: dripu, oksijeni, monita, na kumwuliza mgonjwa mwenyewe ni upande upi huku nikiangalia alama ya kalamu kwenye ngozi. Naliuliza tena sindano ikiwa mkononi, kwa sababu kati ya kumgeuza na kumfunika kitambaa upande unaweza kupotea. Navuta bomba nyuma kuangalia damu kila baada ya mililita 3 hadi 5, nachoma polepole, na naongea naye muda wote. Sipendi kumpa dawa nyingi za kumtuliza. Mgonjwa anayeongea ndiye monita ya kwanza.

Dawa ikianza kushika, mkono unapata joto na vena zinatuna kabla ganzi haijaonekana. Ukiona hivyo tulia, inakuja. Baridi na maumivu vinaondoka kabla ya mguso, ndiyo maana mgonjwa anasema "nasikia unanigusa" wakati kisu hakimuumi. Mweleze tofauti hiyo mapema. Napima kwa pamba yenye spiriti, halafu kwa utaratibu mmoja: asukume kiwiko kunyoosha, avute kukunja, namfinya chini ya kidole cha shahada, namfinya kidole cha mwisho. Neva nne, jibu ndani ya nusu dakika. Iliyobaki macho naiongezea peke yake, kwa mililita chache, kama plasta kwenye trei inaruhusu.

Mambo yakigeuka

Mgonjwa anasema mdomo una ladha ya chuma, masikio yanavuma, ulimi umekuwa mzito, au anaanza kuropoka. Acha kuchoma hapohapo. Ita watu. Oksijeni na njia ya hewa kwanza, maana kukosa hewa kunaiongezea dawa makali. Degedege ikija, midazolamu au diazepamu kidogokidogo.

Dawa ya kuokoa ni mafuta ya mshipani ya asilimia 20, Intralipid au yanayofanana nayo. Guy Weinberg wa Chicago alionyesha mwaka 1998 kwamba panya waliopewa bupivakeini walivumilia zaidi wakipewa mafuta haya, na mwaka 2006 ikaripotiwa New York kwamba mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama alifufuliwa nayo. Kwa kilo 60: mililita 90 ndani ya dakika moja, kisha mililita 15 kila dakika. Moyo usiporudi unarudia mililita 90 hadi mara mbili, kila baada ya dakika 5, na unaongeza kasi ya dripu maradufu. Jumla isipite mililita 12 kwa kilo. Adrenalini ni kwa dozi ndogo, isiyozidi mikrogramu 1 kwa kilo, na lignokeini haitumiki kutuliza moyo uliovurugwa na ndugu yake. Propofoli, dawa ya usingizi, ina rangi hiyohiyo lakini haishiki nafasi ya mafuta haya. Kandamiza kifua bila kukata tamaa. Moyo uliolewa bupivakeini unaweza kurudi baada ya saa nzima.

Chupa hiyo ikae chumba cha upasuaji, mahali mnapopajua wote gizani. Ikikaa stoo kuu na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani, hamna. Kama hospitali yako haina kabisa, hilo liingie kwenye uchaguzi wako: ujazo mkubwa wa bupivakeini usiupige, tumia lignokeini.

Baada ya sindano ya mwisho kaa na mgonjwa angalau dakika 30. Sumu haiji yote papo hapo.

Kumruhusu nyumbani

Mkono ufungwe kwenye kitambaa shingoni, maana mkono wenye ganzi unaanguka na kujigonga bila mwenyewe kujua. Namwambia asikae karibu na jiko la mkaa na asibebe mtoto kwa mkono huo. Mwenye ganzi ya mguu hatembei bila mtu wa kumshika, hata kwenda chooni, mpaka goti na kifundo vikubali.

Vidonge vya maumivu anaanza kumeza kabla ganzi haijaisha. Hili wagonjwa hawalielewi, wanasema "mbona siumwi?" Namwelekeza ndugu aliyemsindikiza: vidole vikianza kuwasha na kuchezacheza, hiyo ndiyo saa ya kumpa parasetamoli aliyoandikiwa, asingoje alie. Na kama bupivakeini niliichoma asubuhi na kesho yake asubuhi vidole bado haviamki, au kabla ya hapo vimekuwa vya baridi, vya bluu au vinauma kupita kiasi ndani ya plasta, arudi siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki.